Goldfinger: kinachonisumbua si bunduki

Nyumbani kwetu kuna imani kwamba sinema ikishazeeka inakuwa safi. Baba watoto ndiye mhubiri mkuu wa imani hiyo. "Mama Zuhura, hiyo ni ya mwaka 1964," aliniambia, kana kwamba tarehe peke yake inamaliza kesi. "Enzi hizo watu walikuwa na staha." Habari za staha ya 1964 kazipata wapi sijui, maana hata wazazi wake walikuwa hawajaoana.

Kesi yenyewe ni hii. Mwanetu wa kiume, miaka 10, aliona mtandaoni kipande kifupi cha gari la rangi ya fedha. Dereva anafunua kichwa cha gia, anabonyeza kitufe chekundu, paa linafunguka, na jambazi aliyekaa pembeni yake na bastola anarushwa angani pamoja na kiti. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Akataka sinema nzima. Dada yake wa miaka 13, ambaye kwa kawaida hataki chochote anachokitaka mdogo wake, safari hii naye akasogea.

Gari hilo ni Aston Martin DB5 na sinema ni Goldfinger, ya tatu katika mfululizo wa jasusi James Bond baada ya Dr. No ya 1962 na From Russia with Love ya 1963. Mwongozaji ni Guy Hamilton, steringi ni Sean Connery. Nilikuwa nimeiona zamani, na kama watu wengi nilibaki na vitu vitatu kichwani: gari, kofia inayokata shingo, na msichana aliyepakwa dhahabu. Nikasema hakuna anayeangalia kitu mpaka mimi niimalize kwanza, usiku, wao wakiwa wamelala.

Kabla ya hapo niliangalia madaraja ya umri ya sinema, kama mzazi yeyote anayetafuta mtu wa kumsukumia uamuzi. Ilipotoka Uingereza mwezi Septemba 1964 ilipewa A, maana yake mtoto anaingia akiwa na mtu mzima. Siku hizi Uingereza na Marekani zote zinaipa PG, yaani mzazi, shauri lako. Lakini herufi hizo zina historia. Marekani haikuwa na mfumo wa madaraja mpaka Novemba 1968. PG-13 ilikuja 1984, na Uingereza ikaongeza daraja la 12 mwaka 1989. Kwa hiyo PG ya sinema kongwe imebeba ndani yake vitu ambavyo sinema mpya ingevibeba ikapandishwa ngazi. Kenya wana GE (ya watu wote), PG, 16 na 18. Kati ya PG na 16 hakuna kitu, na watoto wangu wote wawili wameangukia humo humo katikati. Tanzania tuna Bodi ya Filamu na Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, lakini bodi haikai sebuleni kwangu Jumamosi jioni.

Halafu kuna ushahidi ambao haumo kwenye madaraja yoyote. Mwaka 1965 kampuni ya Corgi ilitoa gari dogo la kuchezea la James Bond, la rangi ya dhahabu, paa linafunguka na kijitu kinafyatuka kama kwenye sinema. Liliuzwa kwa mamilioni, likatajwa kuwa kichezeo bora cha mwaka huo Uingereza. Maana yake waliohusika walijua vizuri ni nani aliyekaa kwenye viti vya mbele. Mwanangu alicheka palepale walipotaka watoto wa 1965 wacheke.

Sasa vifo, maana ndivyo kila mzazi anavyohesabu kwanza. Vipo vingi. Dakika za mwanzo tu Bond analipua matangi ya dawa za kulevya, kisha anamtupia mtu hita ya umeme ndani ya beseni la kuogea na kutoa utani juu ya maiti. Jambazi mmoja anapigwa risasi garini, gari linapelekwa kwenye mashine ya kuponda vyuma na kutoka likiwa tofali. Wakuu wa magenge ya Marekani wanaitwa kwenye ukumbi, wanaonyeshwa mpango mzima kwa mfano wa nyumba na barabara, kisha wanafungiwa na kuuawa kwa gesi. (Kwa nini uwaeleze mpango kwa kirefu watu unaokwenda kuwaua dakika tano baadaye? Mtoto wa miaka 10 angeuliza hivyo kabla yangu, na sina jibu.) Adui mkuu, Goldfinger mwenyewe, anavutwa nje kupitia dirisha la ndege.

Ukivisoma hivyo kwa mfululizo vinatisha. Ukiviangalia, havina damu hata ya kuchafua shati. Mtoto wangu ameona mbuzi akichinjwa Idi na akaomba kushika ngozi. Vifo vya Goldfinger viko upande wa hadithi za fisi na sungura, anayemezwa amemezwa, tunaendelea.

Msichana wa dhahabu nilimfikiria zaidi, kwa sababu ni picha inayobaki. Jill Masterson, aliyeigizwa na Shirley Eaton, amelala kitandani amekufa, mwili wote unang'aa. Bond anaeleza kwamba ngozi ikizibwa yote mtu anakosa hewa. Hapa ningesimamisha sinema kwa furaha kabisa, kwa sababu ni uongo: tunapumua kwa mapafu. Rangi inaweza kukuzuia kutoa jasho na ukapata joto la hatari, ila hiyo ni habari nyingine. Watengenezaji nao inaelekea waliiamini hadithi yao, maana walimwachia mwigizaji kipande cha tumbo bila rangi na wakaweka daktari karibu. Uvumi kwamba Eaton alikufa kwa ile rangi ulizunguka dunia miaka na miaka. Hakufa. Hilo ni somo zuri la sayansi na la uvumi kwa pamoja, na lisingeharibu usingizi wa mtu.

Na mwale wa leza? Bond amefungwa kwenye meza ya dhahabu, miguu imetanuliwa, mwale unakata meza kutoka chini unapanda taratibu. Ndipo mahali penye hofu ya kweli katika sinema nzima. Lakini angalia anavyojiokoa. Hana silaha, hana kitufe. Anakumbuka maneno mawili matatu aliyoyasikia kwa kuchungulia, anayatamka, na Goldfinger hawezi kuwa na uhakika jasusi huyu anajua kiasi gani. Anaokolewa na mdomo wake. Ningependa wanangu wote waione. Kitabu cha Ian Fleming cha 1959 kilikuwa na msumeno wa mviringo. Leza ya kwanza duniani iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman, na watu wa sinema wakaona msumeno umepitwa. Mwale wenyewe ulichorwa baadaye. Moto unaokata meza ulitoka kwa fundi aliyejikunja chini na tochi yake ya gesi, na ukimwambia mtoto hivyo hofu inageuka udadisi.

Kufikia hapo ilikuwa inaelekea baba watoto ameshinda.

Kisha nikaanza kuhesabu kitu kingine. Mwanamke wa kwanza tunayemwona akiwa na Bond, mcheza dansi, anakumbatiwa. Bond anaona kwenye mboni ya jicho lake adui akija nyuma, anamgeuza, na pigo linamwangukia huyo mwanamke. Mwanamke wa pili, pembeni ya bwawa la hoteli Miami, anafukuzwa kwa kofi la makalio kwa sababu wanaume wana mazungumzo. Jill anakufa kwa kuwa alikuwa chumbani na Bond. Tilly, dada yake, anakuja kulipiza kisasi na bunduki yake mwenyewe, na anauawa kwa kofia kabla hajafanya lolote la maana. Wote hao wanapita haraka, na kila mmoja peke yake ningeweza kumezea.

Kisha inakuja sehemu ya banda la majani makavu, kwenye shamba la farasi la Goldfinger huko Kentucky.

Mwanamke ni rubani, kiongozi wa kikosi cha marubani wanawake, aliyeigizwa na Honor Blackman. (Jina la mhusika ni Pussy Galore. Ni utani wa matusi ambao mtoto wa Kiswahili hataushika, na mimi sitaufafanua.) Ameshamwambia Bond waziwazi tangu kwenye ndege kwamba mvuto wake haumpati. Anajua judo, na Blackman aliijua kweli, kwa kuwa alijifunza kwa ajili ya tamthilia ya televisheni aliyokuwa akicheza. Bandani wanaangushana, anamrusha Bond, Bond anamrusha yeye. Mpaka hapo ni mchezo, watoto wangecheka. Kisha Bond anamlalia. Mwanamke anamsukuma kidevu kwa mikono miwili, anageuza uso. Bond anaendelea kushuka. Mikono inayosukuma inachoka, inageuka kuwa mikono inayokumbatia, na muziki unainuka kama mtu kashinda mechi.

Ni sehemu fupi. Hakuna nguo inayovuliwa. Mwenye kuhesabu ngozi na damu hapati kitu cha kuandika, na nadhani ndiyo maana PG inasimama. Lakini niliirudia na kila nilipoirudia ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya kinachofuata. Rubani huyu anabadilika upande. Anabadilisha gesi ya sumu kwenye ndege na kuwapa Wamarekani taarifa, na maelfu ya watu wa Fort Knox, penye hazina ya dhahabu ya Marekani anayoiwinda Goldfinger, wanapona. Kwa nini amebadilika? Sinema ina jibu moja tu: banda. Bond mwenyewe, akiulizwa baadaye, anatania kwamba huenda aligusa hisia zake za umama.

Nilipomweleza baba watoto, alisema kile ambacho kila mtu angesema: "Si upeleke mbele hapo?" Rimoti ipo, kweli. Tatizo ni kwamba ukiruka sehemu hiyo sinema inapata tundu. Mtoto makini atauliza huyu dada kawaje mwema ghafla, na mimi nitabaki nimeshika rimoti nikitunga uongo. Isitoshe, watoto wangu wana pua. Kitu kinachorukwa ndicho kinachotafutwa kesho yake kwenye simu ya jirani.

Akatoa hoja yake ya pili, iliyo nzito zaidi. Yeye kalelewa kwenye kibanda umiza. Ameona Commando ya Schwarzenegger akiwa mdogo kuliko mwanetu, benchi la mbao, joto, watoto 60 na televisheni moja, na sauti ya Lufufu ikitafsiri juu ya milio ya risasi. "Mbona sikuwa muuaji?"

Swali zuri, nalo lilinisaidia kuona ninachopinga. Hakuwa muuaji kwa sababu akitoka kibandani hakuna aliyempa bunduki. Mtaa mzima, msikiti, shule, bibi yake, wote walisema kuua ni haramu. Sinema ilikuwa peke yake. Lakini kwa habari ya msichana anayesema hapana, sinema haikuwa peke yake. Vijana wa kijiweni walisema hivyo hivyo, kwamba hapana yake ina maana endelea. Nyimbo zilisema hivyo. Wajomba waliokunywa walisema hivyo. Bunduki ya Bond inakutana na mtoto ambaye dunia yote inamkatalia. Banda la Bond linakutana na mtoto ambaye nusu ya dunia inamnong'oneza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo umenena, ila bado gari ni zuri." Gari ni zuri, sikatai.

Kuna sheria moja ya kibandani ambayo kila aliyekaa kwenye lile benchi anaijua: steringi hafi. Ukiingia umechelewa unauliza steringi ni yupi, ukishaonyeshwa moyo unatulia. Ninachokiona kwa mtoto wa miaka 10 ni kwamba sheria hiyo anainyoosha bila kujua: steringi hafi, na steringi hakosei. Akifanya yeye ni sawa. Mwanangu akiniuliza kuhusu mtu kwenye sinema bado anauliza, "Huyu ni mzuri au mbaya?" na akishapata jibu anafunga jalada. Dada yake ameshaanza kusema, "Huyu ndiye mzuri lakini ana roho mbaya." Miaka mitatu tu kati yao, ila uamuzi wangu umelala humo. Yeye anaweza kugombana na sinema. Mdogo wake bado anaitii.

Niseme na jambo la pili, kwa ufupi kwa sababu halikuamua kesi. Mtumishi muuaji wa Goldfinger ni Mkorea bubu mwenye kofia, aliyeigizwa na Harold Sakata, Mmarekani wa asili ya Kijapani kutoka Hawaii aliyeshinda medali ya fedha ya kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya London 1948. Bomu la nyuklia la Goldfinger linatoka China. Sinema ilianza kuonyeshwa Septemba 1964, na China ilijaribu bomu lake la kwanza la nyuklia tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo hofu hiyo haikutungwa hewani. Lakini watoto wangu Wachina wanawajua kama wajenzi wa barabara na mama wa mtoto wa darasa la pili anayeuza vyombo Kariakoo, kwa hiyo hapa palihitaji maelezo. Ingekuwa ombi lenyewe ni Dr. No, ambamo Bond anamwagiza Quarrel, mvuvi mweusi anayehatarisha maisha kwa ajili yake, amletee viatu, ningekuwa na maneno mengi zaidi. Na Live and Let Die ya 1973, yenye genge zima la maadui weusi na uchawi wa kisiwani, hiyo sitaki hata kuijadili kabla mtu hajafika kidato cha tatu.

Basi hukumu. Binti aliruhusiwa, kwa sharti la kuangalia na mimi. Hapo niliiga kibandani. Watu wanaodharau wale watafsiri, Lufufu kwetu au DJ Afro kwa Wakenya, wanadhani kazi yao ni kugeuza lugha tu. Wale wanaingilia. Wanamcheka steringi akijitia ujuaji, wanamhurumia adui, wanakuambia huyu mama anamdanganya huyu baba usimwamini. Sinema haipiti mbele yako ikiwa na amri peke yake. Kuna mtu kati yako na skrini. Nikaamua mtu huyo nitakuwa mimi.

Mdogo wake nilimtafutia nyingine: North by Northwest ya Alfred Hitchcock, ya 1959. Ni ya kijasusi vilevile, ina mtu wa kawaida anayedhaniwa jasusi, na jasusi huyo wanayedhani ndiye yeye hayupo kabisa duniani, ni jina tupu lililotungwa na serikali. Siyo kwamba imetakata. Wanamlevya steringi kwa nguvu na kumweka kwenye usukani, na treni ina mabusu marefu ambayo mwanangu aliyapokea kwa kujifunika mto. Serikali nayo inamtumia mwanamke kulala na adui, jambo ambalo ni zito kuliko vyote, ila steringi analikasirikia kwa sauti, mbele ya mkubwa wa majasusi, na anaambiwa ndivyo vita vilivyo. Tofauti yote ninayoitafuta imo humo. Anayefanya ubaya anaambiwa usoni.

Urefu wake, dakika 136, ulinitia wasiwasi. Sehemu ya ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, mtu mmoja kwenye barabara tupu, mashamba pande zote, hakuna muziki hata chembe, niliogopa ingemchosha. Alisogea mpaka akawa hatua moja kutoka kwenye skrini. Na kwenye mgahawa wa Mount Rushmore aliona kitu ambacho mimi sikuwahi kukiona mpaka niliposoma mahali: nyuma kabisa kuna mtoto mwigizaji wa ziada anayeziba masikio kwa vidole kabla bastola haijalia. "Mama, yule anajua!" Tukarudisha nyuma mara kadhaa, tukacheka. Kwa siku kadhaa alikuwa anatafuta watoto wengine wanaojua kwenye kila sinema.

Na Goldfinger? Tuliiangalia mimi na binti, mdogo wake akiwa kwa bibi. Alipenda leza. Alipenda ukumbi wa dhahabu wa Fort Knox, na nilipomwambia kwamba mbunifu Ken Adam aliuwaza tu kichwani, maana wageni hawaruhusiwi kuingia kwenye hazina yenyewe, alisema ndiyo sababu umependeza. Mwishoni saa ya bomu inasimama kwenye 007 na Bond anasema zilibaki sekunde tatu. Alilidaka hilo upesi kuliko mimi. Ni mabaki ya mpango wa awali, saa isimame kwenye 003, wakabadilisha namba wakaacha maneno.

Bandani nilijiandaa na hotuba. Sikuipata nafasi. Alikunja uso, akasema, "Si kasema hataki?" kisha akanyamaza mpaka rubani alipobadilisha gesi. Hapo akaomba tusimamishe.

"Hivi kabadilika kwa sababu ya lile?"

Nikamwambia ndivyo sinema inavyotaka tuamini.

Akafikiri. Nyuma kidogo kulikuwa na maongezi ambayo Bond anamwambia Goldfinger kwamba gesi hiyo itaua watu 60,000 bure, na Goldfinger anajibu kwamba madereva wa Marekani wanaua idadi hiyo kila baada ya miaka miwili. Binti yangu alikuwa ameyashika. "Wangemfanya huyu rubani ayasikie yale maneno ya watu 60,000," alisema. "Angebadilika kwa hilo. Yeye ni rubani, ndiye anayekwenda kumwaga hiyo gesi. Lile la bandani hata halihitajiki."

Nimejaribu kutafuta kasoro kwenye marekebisho yake na sijaiona. Mdogo wake ana miaka mitatu ya kungoja. Ameshakata rufaa kwa baba yake, na kwa jinsi ninavyomfahamu baba yake, imeshapokelewa.